Mwisho wa reli: tupime njia kabla hatujajenga nyumba (uzi kwa wana Kigoma na majirani wa Tabora)

Dereva wa Mwandiga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auwekee alama arudi akitulia.

Naendesha haisi kati ya Mwandiga, Mwanga na Ujiji, mwaka wa kumi na nne sasa. Nilipoanza, safari ya mwisho ya usiku nilikuwa nashusha abiria njia panda Mwandiga, nageuza gari, basi. Giza lilianzia pale pale. Siku hizi nikifika njia panda naambiwa, "Suka, songa kidogo." Nasonga. "Songa tena." Nasonga tena, na taa za nyumba ziko pande zote mbili, na bado kuna mtu nyuma hajasema "shusha".

Mji umehama, wakuu, na makaratasi yetu hayajahama nao.

Tazameni sensa. Mwaka 2012 Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilikuwa na watu kama 215,000. Mwaka 2022 walihesabiwa kama 232,000. Ukiishia hapo utasema mji umelala. Lakini mkoa mzima katika miaka hiyo hiyo ulitoka milioni 2.13 ukafika milioni 2.47. Yaani mkoa umekua kwa asilimia 16 na manispaa kwa asilimia 8. Sisi tunaobeba watu tunajua baadhi yao wako wapi. Wako Mwandiga, ng'ambo ya mpaka wa manispaa, kwenye halmashauri ya wilaya, ambako mwalimu au mchuuzi wa soko bado anamudu kiwanja. Wanalala halmashauri moja, wanatafuta riziki na kusomesha watoto halmashauri nyingine. Saa kumi na mbili asubuhi ni mji mmoja. Ikifika bajeti ni miji miwili.

Niwaeleze kilichonifanya nikae nifikirie jambo hili. Nyumba ya mama yangu iko kando ya barabara kuu. Aliijenga miaka ya tisini kwa hela ya mawese, chumba baada ya chumba. Wakati huo hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lisilojengwa, ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati, na yeye alizikwepa zote. Ikaja Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ikawa mita 30. Siku moja wakaja vijana wawili na utepe. Mmoja akakanyaga ncha katikati ya barabara, mwenzake akaja nao mpaka ukutani, akapiga hodi, akaomba kupita ndani. Utepe ukapita mlangoni, ukakatiza sebule, mita ya 30 ikaangukia juu ya godoro la mama. Walikuwa vijana wenye adabu, walimpa pole. Wakapaka X ya kijani ukutani, maana yake hakuvamia, ni hifadhi iliyomfuata, na siku akitakiwa kupisha atalipwa. Lakini asiongeze kitu. Alikuwa ameshanunua mifuko minane ya saruji ya kujengea chumba cha wajukuu. Saruji iligandia stoo ikawa mawe. Siku ya harusi ya mdogo wangu aliitundikia kanga ile X, wageni wasiione.

Mita 30 zinahitajika, hilo silipingi. Mimi ndiye ninayebanana na malori pale kila siku. Kinachoniuma ni kwamba zingepimwa mapema, mama angejenga mita nane nyuma kwa hela ile ile. Eneo lilikuwepo.

Sasa linakuja kubwa kuliko la mama. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Hapo Uvinza kuna tawi la kwenda Musongati, Burundi. Barabara ya Kasulu na Kibondo kwenda Nyakanazi, ambayo tulikuwa tunaila vumbi siku nzima, sehemu kubwa sasa ni lami. Mpaka wa Manyovu nao una lami. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kalemie na Uvira za Kongo wanasubiri mzigo. Kila mmoja anashangilia, na mimi nashangilia. Ila naomba mtu anijibu: kontena likifika, linapita wapi?

Reli ya kati ilipofika hapa 1914, watu wengi walikuwa Ujiji. Huku kwenye ghuba hapakuwa na mji wa kuzungumzia. Mji ndio ulioifuata stesheni, ndiyo maana stesheni, bandari na ofisi vimebanana kona moja pale chini na njia ya kupandisha ni barabara ya Lumumba. Safari hii ni kinyume. Reli inakuja inaukuta mji umeshajengwa. Lori la saruji ya Burundi, lori la dagaa, haisi yangu, bodaboda na mtoto wa darasa la pili, wote tunakwenda kubanana Mwanga.

Ombi langu ni hili. Manispaa na halmashauri ya wilaya wakae meza moja na TANROADS (wa barabara kuu), TARURA (wa barabara za vijijini na mijini), watu wa reli na watu wa bandari, ramani iwe moja. Ichorwe njia ya malori kutoka upande wa Kidahwe mpaka bandarini isiyopita Mwanga. Zichorwe na barabara za mitaa za Mwandiga kabla mashamba hayajakatwa vipande. Isijengwe leo kama hela hakuna. Ipimwe, itangazwe kwenye mbao za vijiji na mitaa, ardhi iachwe. Kikao cha kulizungumza tayari kipo: Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na wabunge na wenyeviti wa halmashauri wamo. Hatuhitaji kuunda chombo kipya.

Karibuni, hasa mnaopinga.

Kijana wa Gungu

Mkuu, heshima kwako, umeandika vizuri. Ila mimi napinga. Kwetu mvua za Machi zikianza, mtaro unajaa mchanga, maji yanahamia uani. Kuna kalavati limekatika, bodaboda anakushusha ng'ambo unavuka kwa miguu na gesi kichwani. Wewe unazungumzia njia ya malori ya miaka ijayo. Hela kidogo iliyopo iende kwenye mitaro kwanza. Ramani haizuii maji.

Dereva wa Mwandiga

Kaka, kwenye mtaro uko sahihi na sibishani nawe. Tangu Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 100 ya ziada kwa ajili ya barabara za TARURA. Nami nachangia kila nikijaza tangi, kwa hiyo nina haki ya kuuliza mtaro wenu umefikia wapi, sawa na wewe.

Ila kupima na kujenga ni gharama mbili tofauti kabisa. Chukua njia ya upana wa mita 30, urefu kilomita 10. Hizo ni hekta 30, ekari kama 74. Leo ukiipitisha kwenye mihogo unazungumza na familia chache na unathamini mihogo. Ekari moja ikikatwa viwanja vya mita 20 kwa 30 unapata sita. Ukingoja, zile ekari 74 ni viwanja zaidi ya 400, kila kimoja kina msingi, choo, mwembe na kaburi la babu. Halmashauri ipi itaweza fidia hiyo? Haitaweza. Malori yataendelea kupita mlangoni kwako, na hela ya mtaro wako itakwenda kuziba mashimo yanayochimbwa na malori.

Na hata mtaro unataka ardhi. Muulize fundi yeyote kwa nini maji yanahamia uani. Atakuonyesha ukuta wa mtu uliojengwa juu ya njia ya maji.

Bikoni

Nimefanya kazi ya upimaji maisha yangu yote, nimestaafu, naishi Ujiji. Niruhusuni wanangu niseme ninachokijua.

Mwaka fulani tulitumwa kufufua mipaka kwenye mtaa ambao ulipimwa zamani, mchoro ulikuwa umehifadhiwa ofisini. Tulizunguka asubuhi nzima kutafuta bikoni moja, yaani jiwe la mpaka wa kiwanja. Mwishowe mama mmoja akatuita jikoni kwake. Bikoni ilikuwa chini ya jiko la mkaa, imekaa sawasawa, na yeye alikuwa anaisifu kwa kuwa haiyumbi sufuria ya ugali ikisongwa. Kwa mujibu wa mchoro, pale ni ukingo wa barabara ya mita 12. Jiko, chumba cha kulala cha mtoto na nusu ya nyumba ya jirani vilikuwa barabarani. Na hakuna aliyewahi kuwaambia. Walinunua kwa karatasi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili, muhuri.

Ndiyo maana namuunga mkono mwenye uzi, ila naongeza. Kupima bila kutangaza ni kazi bure. Mchoro ukilala kabatini, mwuzaji anauza, mnunuzi ananunua, wote kwa nia njema. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaruhusu eneo kutangazwa kuwa eneo la mipango hata kama bado watu wanalima pale. Tatizo ni kwamba tunasubiri nyumba zijae, kisha tunafanya urasimishaji, yaani kupima makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango. Nimeufanya huo urasimishaji. Unakuta kichochoro cha mita 2, unataka kifike hata mita 6 gari la wagonjwa lipite. Unamwomba wa kushoto atoe mita mbili, anakubali. Wa kulia anakuuliza kwa nini asitoe yule zote nne. Mnakwenda kwa mwenyekiti. Mnarudi. Mwezi umekwisha, mmepata mita 20 za urefu.

Jambo la pili, fidia. Sheria ya Uthamini ya 2016 inaupa uthamini uhai wa miaka 2. Mkithaminisha watu na hela hakuna, muda unapita, mnarudia kazi, na katikati hapo mtu hajengi, hapandi, halali. Kwa hiyo mkienda kwenye hicho kikao msiseme tu "pimeni". Semeni pimeni, tangazeni, na kipande mnachokijenga kwanza kitengewe fidia kabla ya mthamini kukanyaga shamba.

Mama Migebuka

Wanangu, nawasoma tangu juzi. Lami, lami, lami. Hamjalitaja ziwa hata kidogo, na ninyi mnakula samaki wake.

Mimi nachukua migebuka kutoka vijiji vya kaskazini. Ukitaka kufika Mwamgongo, mbele ya Gombe, barabara yako ni maji. Mgonjwa anapanda boti, mwalimu anayeripoti kazini anapanda boti na godoro lake, mtihani unapanda boti. Hiyo nayo si njia ya kupangiwa? Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, wengi waliletwa mjini na meli ya Liemba, meli iliyozinduliwa hapa Kigoma 1915. Na haikuweza kugusa nchi kavu pale. Watu walibebwa kwa boti ndogo mpaka melini, wazee, wajawazito, wote. Miaka 100 ilikuwa imepita na abiria alikuwa bado anapandia meli katikati ya maji.

Sasa nieleze ninavyolipa. Alfajiri boti inagusa mchanga. Namlipa kijana anayetoa kreti ndani ya maji. Namlipa mwenye mkokoteni apandishe mpaka barabarani, maana bajaji haishuki kule, itazama mchangani. Kisha namlipa bajaji mpaka sokoni. Mara tatu kwa mzigo mmoja, ndani ya mji huo huo. Na barafu inayeyuka wakati tunapatana bei. Kungekuwa na mita mia chache za njia ngumu mpaka mwaloni, boti za samaki zinapotua, na mahali pa bajaji kugeuzia, ningelipa mara mbili.

Kuna jambo jingine. Maji ya ziwa yalipanda sana miaka ya 2020 na 2021, yakapanda tena 2024. Yaliingia kwenye vibanda, yakafunika tulipokuwa tunaanikia dagaa. Hiyo ramani yenu ikichorwa, ichorwe na mtu aliyeona maji yalifika wapi. Waje watuulize sisi wanawake wa mwaloni. Tunajua jiwe kwa jiwe.

Kalya Kwetu

Mama amesema kweli tupu. Kusini ni vile vile. Sisi wa Sigunga, Buhingu mpaka Kalya, ukija mjini kwa gari unavuka Malagarasi kwa kivuko pale Ilagala. Kivuko kikisimama, habari imekwisha, unarudi kwenye boti. Halafu mtu anashangaa kwa nini bei ya sukari Kalya si ya Mwanga.

Mnyamwezi wa Urambo

Salamu kutoka Unyamwezini. Mlitualika kwenye kichwa cha uzi, nami nakuja na la kwetu, maana reli yenu inapita kwetu kwanza.

Tabora ndiyo iliyokua kuliko ninyi. Sensa ya 2012 tulikuwa milioni 2.29, ya 2022 tukawa milioni 3.39. Milioni moja na zaidi, kwa miaka kumi. Wafugaji wameshuka na mifugo, wakulima wa tumbaku wamefungua mapori, vituo vya treni vimekuwa miji. Angalieni Kaliua. Pale ndipo njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Treni ilikuwa inasimama muda mrefu, watu wakaanza kuuza chai na kuku wa kukaanga dirishani, wenye chai wakajenga, leo ni makao makuu ya wilaya. Hakuna aliyeketi kupanga. Tabora yenyewe ni hivyo hivyo: reli ilifika 1912, tawi la Mwanza likafika kule 1928, mji ukajipanga kwa kufuata reli.

Lakini kuna tofauti moja ambayo sijaona mtu ameisema, na ndiyo ninayotaka kuikazia. Reli ya zamani unaivuka popote. Mtoto anaivuka kwenda shule, ng'ombe wanaivuka kwenda kunywa maji, mama anaivuka na kuni. Reli ya kisasa si hivyo. Treni ya umeme inakwenda kasi, njia inazungushiwa uzio, unapita juu kwa daraja au chini kwa karavati, na pale tu palipowekwa. Waliosafiri Dar kwenda Dodoma tangu ilipoanza 2024 wameona uzio ule. Kwa hiyo pale mkandarasi anapoweka kivuko ndipo njia ya kijiji itakapokuwa kwa miaka mia ijayo. Shule ikiwa upande huu na nusu ya kijiji upande ule, na kivuko kikawekwa kilomita tatu mbele, mtoto atatembea kilomita sita za ziada kwenda tu, kwenda na kurudi ni kumi na mbili kila siku.

Sasa kama kijiji hakina ramani ya kesho yake, kitamwonyesha mkandarasi nini? Kitamwonyesha njia za leo. Na mji ukikua upande mwingine, tumekwama. Kwetu wazee walikaa wakahesabu: njia ya zahanati, njia ya lambo, njia ya shule, njia ya makaburi. Wakaandika muhtasari, wakagonga muhuri, wakapeleka. Ng'ombe walihesabiwa kwenye mjadala kama watu, maana karavati la mtu mmoja mmoja halipitishi kundi la ng'ombe 200. Ninyi wa Uvinza na Kigoma mjini fanyeni hivyo mapema. Zege likishamwagwa hakuna atakayewasikiliza.

Kijana wa Gungu

Nimesoma yote. Hesabu ya ekari 74 imenigusa, na hili la uzio sikulijua kabisa. Naondoa pingamizi kwenye kupima, mtaro wangu naendelea kuudai.

Swali: kama ardhi itaachwa miaka kumi bila kujengwa, nani ataizuia isivamiwe? Kwa nini tusioteshe michikichi mstari mzima, kila mtu aone hapa ni hifadhi? Mkoa wetu ndio wenye chikichi.

Bikoni

Wazo zuri, mti mbaya, mwanangu. Mchikichi una mwenyewe. Mwaka wa nne unazaa, mtu anavuna, anauzungushia mahindi, na siku ya kujenga barabara anadai fidia ya mchikichi, na atalipwa. Pandeni mkonge au minyaa. Haina mvunaji, ng'ombe hali, na ikikauka unaona pengo. Nguzo za zege ziwekwe kwenye kona tu. Na serikali ya kijiji ipewe nakala ya mchoro iubandike ukutani, mtu akija kugonga muhuri wa mauziano waangalie kwanza pale.

Dereva wa Mwandiga

Shikamoo mzee Bikoni, mkonge umeingia kwenye barua. Mama, shikamoo, na samahani kwa kulisahau ziwa. Nimeandika njia za mwaloni na alama za maji yalikofika, na kwamba wanawake wa mwaloni waitwe wakati wa kuchora, si baada. Kalya Kwetu, kivuko cha Ilagala kimo. Mkuu wa Urambo, hili la vivuko vya reli nimelitanguliza kuliko hata njia ya malori, maana hilo halingoji.

Barua itaanza kwenye kamati ya maendeleo ya kata, yetu ya Mwandiga na ya wenzetu wa upande wa manispaa, siku zinazokaribiana, maneno yale yale, ili zikifika juu zionekane ni barua moja. Aliye tayari kuipeleka kwenye kata yake aniandikie pembeni nimtumie. Msiongeze chumvi humo ndani. Andikeni njia mnayopita, inaanzia wapi, inaishia wapi, na nani anaipita.

Jana usiku nilimsomea mama uzi wote, yeye anasikiliza huku anachambua maharage. Nilipofika kwenye njia ya malori akanisimamisha. Akauliza kama inaweza kupita juu ya shamba lake la nyuma. Nikamwambia inaweza, ndiyo maana tunataka ramani. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema migomba aliyokuwa aipande upande wa juu msimu huu ataiacha, atapanda mihogo, mpaka hao watu waje na utepe wao.